Namna ya Kujiandaa Kupanda Cheo kwa Mhudumu wa Afya wa Jeshi la Wanamaji

Tabibu au muuguzi wa melini ana shida ambayo fundi wa mitambo hana: akifanya kazi yake vizuri, hakuna kinachoonekana. Mabaharia hawaugui, safari haikatizwi, na kamanda anayeandika tathmini yake, ambaye mara nyingi hakusomea udaktari, hukosa la kuandika.

Kwa hiyo weka daftari. Kila wiki andika ulichofanya, tarehe na matokeo yake, bila kutaja jina la mgonjwa yeyote, kwa kuwa siri ya mgonjwa haivunjwi kwa ajili ya cheo. Usiandike kwamba ulihudumia wagonjwa wengi. Andika kwamba baharia wawili walioanza kuharisha walitengwa siku hiyo hiyo, tangi la maji likapimwa na kutiwa dawa, na hakuna zamu iliyokosa watu. Sentensi ya namna hii kamanda huielewa mara moja, maana zamu ni jambo lake. Mpelekee muhtasari wa ukurasa mmoja kabla hajaanza kuandika. Tathmini ikishatiwa saini, kuirekebisha ni taabu tupu.

Pili, jua unapanda kwa njia ipi. Katika vyeo vya chini mtihani huwa na uzito mkubwa, ilhali juu zaidi ni bodi inayosoma jalada la mtu ambaye pengine haijawahi kumwona. Ipo pia njia ya kamisheni: katika jeshi la wanamaji la Marekani, askari anayechaguliwa huendelea kulipwa mshahara huku akisomea shahada ya uuguzi, kisha huwa ofisa. Hata hivyo, ofisa tabibu kwa kawaida haongozi meli ya kivita, hivyo nafasi za juu hupatikana hospitalini, vyuoni na makao makuu, nazo ni chache. Kikosi cha wauguzi cha jeshi hilo kiliundwa mwaka 1908, lakini ni mwaka 1972 tu ndipo mkuu wake Alene Duerk alipopandishwa kuwa admirali, mwanamke wa kwanza kufikia cheo hicho jeshini humo.

Kuhusu nishani na hati za pongezi, wengi hukosa kwa sababu ya kuchelewa tu. Mashahidi huhamishwa na kumbukumbu hufifia, basi muombe msimamizi wako aandike pendekezo mapema, likiwa na maelezo ya walioshuhudia. Likikataliwa, omba sababu kwa maandishi na uulize kama linaweza kuwasilishwa upya kwa tuzo ya ngazi ya chini.