Kifaru cha 1/35 na ndege ya 1/72: kuunda na kupaka rangi sahihi

Usahihi wa modeli ya plastiki, yaani nakala ndogo ya kifaru (1/35 ya ukubwa halisi) au ya ndege ya vita (1/72), huanza kabla kopo la rangi halijafunguliwa. Jina "Spitfire", ndege ya kivita ya Uingereza, peke yake halikuelezi lolote kuhusu rangi. Spitfire ya Julai 1940 ilipakwa kahawia ya udongo na kijani kilichoiva upande wa juu, na tumboni rangi ya Sky, ambayo ni kijani hafifu chenye asili ya samawati. Kuanzia Agosti 1941 ndege za kivita za Uingereza zikaondolewa kahawia, nafasi yake ikachukuliwa na kijivu cha Ocean Grey, na tumbo likawa Medium Sea Grey. Kifaru cha Wajerumani kilichopigana Urusi mwaka 1942 ni kijivu cha RAL 7021 (RAL ni orodha ya Kijerumani ya namba za rangi). Februari 1943 ndipo ilipotoka amri ya njano ya RAL 7028. Kijani cha RAL 6003 na kahawia nyekundu ya RAL 8017 vilipelekwa vikosini vikiwa rojo nzito, askari wakazimua kwa petroli au maji na kupuliza walivyoweza. Kwa hiyo vifaru viwili vya kikosi kimoja vingeweza kutofautiana kabisa.

Chagua chombo halisi kimoja, chenye namba yake, mwezi wake, na picha yake ikiwezekana. Mchoro ulio ndani ya boksi ni mwanzo tu. Ukigongana na picha, fuata picha.

Kukata na kuunganisha

Osha fremu za plastiki kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha ziache zikauke zenyewe. Mafuta ya kiwandani yakibaki, rangi itabanduka pamoja na tepu baadaye.

Kata kila kipande mara mbili: kwanza milimita tatu hivi mbali nacho, halafu karibu. Ukikata mara moja kwa karibu, plastiki hujikunja kabla ya kukatika, ikaacha doa jeupe au kishimo. Malizia kwa msasa wa namba 400, kisha 600, kisha 1000. Mstari mwembamba unaozunguka mizinga, magurudumu na fito ni alama ya mahali nusu mbili za kalibu ya kiwandani zilipokutana. Ukwangue kwa mgongo wa kisu. Usiposhughulikiwa sasa, rangi itauonyesha vizuri zaidi.

Gundi nyepesi ya plastiki haigandishi, inayeyusha. Shikanisha vipande vikavu, bila gundi, gusa ufa kwa ncha ya brashi, na gundi itajivuta yenyewe ndani. Kidole kisikae juu ya ufa, kwani gundi itapita chini yake na kuchora alama ya kidole kwenye plastiki. Minya kidogo mpaka ushanga wa plastiki laini utokee, kisha subiri saa 24 kabla ya kupiga msasa. Wenye haraka hulainisha kiungo siku hiyohiyo, wiki mbili baadaye kimebonyea, kwa sababu kiyeyushi kilikuwa bado kinatoka. Vipande vya shaba na vya resini havina plastiki hiyo ya kuyeyuka, hivyo tumia gundi ya papo hapo.

Kwenye kifaru, kiweke juu ya kioo gundi ya magurudumu ikiwa bado laini, uhakikishe yote yanagusa. Minyororo ndiyo inayotofautisha kifaru na mwanasesere. T-34, kifaru cha Kisovieti, haina vigurudumu vya kubebea mnyororo upande wa juu, kwa hiyo mnyororo hulala kwa uzito wake juu ya magurudumu makubwa. Ukinyooka kama mkanda wa mashine, uzito wote wa chuma umepotea. Kwa pingili za plastiki, unganisha urefu mzima juu ya tepu, subiri kama nusu saa gundi ianze kushika, kisha uzungushe ukiwa bado unakunjika na ubonyeze kwa vipande vya sponji.

Kwenye ndege, pima mabawa ukitazama kutoka mbele kabla gundi haijakaza. Bawa moja likipanda zaidi ya jingine, hakuna rangi itakayoficha. Ufa kati ya bawa na kiwiliwili urekebishwe kwa kujaribu vipande vikavu na kukwangua, si kwa puti, yaani rojo ya kuziba nyufa. Puti huhitaji kupigwa msasa, na msasa hufuta mifereji myembamba inayoonyesha viungo vya mabati ya ndege. Ndege yenye gurudumu la mbele, kama P-39 au P-38, iwekewe uzito puani kabla ya kufunga kiwiliwili, la sivyo itakalia mkia.

Rangi

Pulizia praima, yaani rangi ya msingi, ya kijivu kwanza. Inashika plastiki, nayo hukuonyesha nyufa ambazo macho yalizipita. Rekebisha, puliza tena.

Jua jamii ya rangi yako. Akriliki za Tamiya huzimuliwa vizuri kwa thina yake au kwa spiriti ya isopropili. Akriliki za maji kama Vallejo zikikutana na spiriti hiyo huweza kuganda kama mpira ndani ya eabrashi, yaani kalamu ya kupulizia rangi kwa hewa. Tumia thina yake. Laka, rangi yenye kiyeyushi kikali, haipakwi juu ya enameli, rangi ya mafuta, huikunja. Enameli juu ya akriliki iliyokauka ni salama, na kanuni hiyo utaihitaji kwenye kuchakaza, yaani kuifanya modeli ionekane imetumika.

Eabrashi yenye tundu la milimita 0.3, presha ya bar 1 hadi 1.4, na rangi yenye wepesi wa maziwa hufaa kazi nyingi. Uso ukitoka na chembechembe kama mchanga, rangi inakaukia hewani: sogea karibu au ongeza thina. Ikikimbia kama miguu ya buibui, ni nyepesi mno au presha imezidi. Vaa kinyago chenye vichujio vya mvuke na fungua dirisha; kitambaa hakizuii mvuke wa thina.

Ukali wa kingo za mabaka nao una vipimo. Mpaka wenye ukungu wa sentimita mbili na nusu kati ya rangi mbili kwenye ndege halisi unakuwa milimita 0.35 tu katika 1/72. Kwa Spitfire, funika kwa tepu, au inua karatasi kidogo kwa vijiti vya udongo wa kuchezea. Ukingo mpana wa moshi, hata uwe mzuri namna gani kwa macho, unaifanya ndege ionekane ya kitoto.

Michirizi ya uvamizi wa Normandy, Juni 1944, iliyopakwa kwenye ndege za Washirika ili zitambulike, ni mfano mzuri wa hesabu. Ilikuwa mitano: mitatu myeupe, miwili myeusi. Kwa ndege za injini moja kila mmoja ulikuwa na upana wa kawaida wa inchi 18, yaani milimita 457. Gawanya kwa 72 upate 6.35, kwa 48 upate 9.5. Puliza nyeupe kwenye eneo lote, milimita 32 hivi katika 1/72, iache ikauke usiku kucha, kisha funika myeupe mitatu na kupuliza nyeusi. Mingi ilipakwa kwa brashi na kwa haraka, kwa hiyo mstari unaoyumba kidogo si kosa, ila angalia picha yako.

Stika za maji

Kosa kubwa hapa ni stika kung'aa kifedha pembeni. Hiyo ni hewa iliyonaswa chini ya utando, kwa sababu rangi isiyong'aa ina mashimo madogo. Ndiyo maana vanishi ya kung'aa hutangulia. Loweka stika sekunde 20, iache juu ya tishu mpaka iteleze, paka maji ya kushikisha, iweke, kamua maji kutoka katikati kwenda nje. Kisha paka dawa ya kulainisha. Stika itajikunja na kutisha, usiiguse. Itatulia yenyewe ndani ya mifereji. Ukiigusa wakati huo, itachanika.

Kuchakaza

Juu ya vanishi ya akriliki, tia enameli nyepesi ya kahawia nyeusi kwenye mifereji, subiri dakika 20 hivi, ufute kwa brashi iliyonyevuka kiyeyushi. Kwenye ndege futa kufuata upepo, kwenye kifaru toka juu kwenda chini, kama mvua inavyochuruzika.

Mikwaruzo ifuate kilicho chini ya rangi. Nusu ya nyuma ya kiwiliwili cha Hurricane, ndege ya Uingereza, ilivikwa kitambaa na Mosquito, nayo ya Uingereza, ilikuwa ya mbao, hivyo fedha ya alumini hapo ni uongo. Chuma cha kifaru kilichokwaruzwa huwa kahawia iliyokolea. Kinachong'aa ni sehemu zinazosuguana, kama meno ya mnyororo yanayopita kati ya magurudumu.

Vanishi isiyong'aa hufunga kazi. Vioo vya rubani viunganishwe kwa gundi nyeupe ya mbao, kwani mvuke wa gundi ya papo hapo huvitia ukungu, na tepu yake ibanduliwe mwisho kabisa, vanishi ikishakauka.