Jenereta ya koili nane, na jinsi ya kupima kama inaweza kujizungusha

Haipiti wiki bila kijana kuja kibandani kwangu Uyole, Mbeya, na video ya jenereta inayojiendesha: sumaku, koili, mota ndogo, na taa inawaka bila mafuta wala betri. Mwaka jana mpwa wangu aliniuliza, "Mjomba, tukitengeneza hii si tunaachana na luku?" Sikumkatisha tamaa. Tuliitengeneza, tukaipima, na wewe nakushauri ufanye hivyo hivyo, maana jibu ukilihisi mkononi halisahauliki.

Tafuta sumaku nane za neodimiamu, duara, upana milimita 20 na unene 5. Zetu tuliagiza Kariakoo. Usidanganyike na zile za diski kuu (hard disk) ya kompyuta. Zina nguvu, lakini uso mmoja una ncha mbili, zitakuvuruga. Waya wa shaba wenye vanishi, unene nusu milimita, waombe mafundi wanaosuka mota. Koili nane za raundi 200 zitakula kama mita 150. Ongeza habu ya mbele ya baiskeli, plaiwudi, gundi ya kuchanganya, daiodi nne za 1N4007, kapasita moja ya mikrofaradi 1000, na mita ya kupimia umeme.

Kata duara la plaiwudi la sentimita 16, lifunge kwenye habu. Panga sumaku kwa kupishana: moja kaskazini juu, inayofuata kusini juu, hadi nane zitimie. Weka alama ya kalamu kwanza, kisha gundi. Sumaku hizi hurukiana na kubana vidole hadi damu, na mtoto akimeza mbili ni hatari kubwa, kwa hiyo usiziache mezani.

Koili zifungie kwenye kipande cha mti cha milimita 20, zote upande mmoja, na kila moja uiwekee alama mwanzo wake na mwisho wake. Alama hizo usizipuuze. Mimi niliunganisha zote mwisho kwa mwanzo, nikazungusha, mita ikasoma sifuri, nikapoteza Jumamosi nzima nikitafuta waya uliokatika. Hakuna uliokatika. Kwa kuwa sumaku zinapishana, koili moja ikisukuma umeme upande huu, jirani yake inausukuma upande ule, zinafutana. Unganisha mwisho kwa mwisho, kisha mwanzo kwa mwanzo, hivyo hivyo hadi ya nane. Ncha zikwangue kwa msasa hadi shaba ing'ae, ndipo uchome risasi.

Bandika koili kwenye ubao wa pili, kila moja ielekee sumaku yake, nafasi kati yake milimita 2 au 3. Umeme wa koili ni AC, yaani unageuka-geuka upande. Upitishe kwenye daiodi nne zilizofungwa kama daraja, kisha kapasita, uwe wa upande mmoja (DC), ndipo upime, kwa sababu mita za bei ndogo hazisomi vizuri volti ndogo za AC. Kwa mizunguko mitano kwa sekunde, yetu ilitoa volti 6 na ushee. Taa mbili za LED, kila moja na rizista yake ya omu 150, ziliwaka vizuri.

Sasa jaribio lenyewe. Zungusha kwa mkono kwa nguvu ileile kila mara, na ushike saa ya simu. Koili zikiwa wazi, bila kuunganishwa na kitu, duara letu lilizunguka sekunde 31. Tulipounganisha taa, sekunde 18. Tulipopiga shoti ncha mbili za koili, halikufika sekunde 3. Hakuna kilichogusa duara. Mpwa wangu alirudia mara sita, akanyamaza.

Mwanasayansi Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba sumaku ikisogea karibu na koili, umeme unazaliwa. Mwaka 1834 mwanasayansi mwingine, Lenz, akaeleza upande wa pili: umeme huo nao unaigeuza koili kuwa sumaku inayopinga mwendo ulioizaa. Aliyewahi kupandisha mwinuko wa Isyonje na baiskeli ya dinamo, taa ikiwa imewashwa, analijua hilo kwa mapaja yake. Kadiri unavyochota umeme, ndivyo mzunguko unavyokuwa mzito.

Ukitaka kumaliza ubishi, funga mota izungushe jenereta, na upime pande zote mbili, volti mara ampea. Kwetu ziliingia wati 6, zikatoka wati 1 na nusu. Zilizobaki ziliishia kwenye joto la waya, daiodi na beringi. Hata ukiboresha kila kitu, kinachotoka ni pungufu ya kilichoingia, kwa hiyo hakitoshi kuizungusha mota. Ukiona video inaendelea kuwaka, omba uonyeshwe chini ya meza. Na tafadhali usiiunganishe mashine yako na waya za nyumba. Umeme ukirudi kwenye laini unaweza kumuua fundi aliye juu ya nguzo.

Kinachohitajika ni msukumo kutoka nje, na huku kwetu tunao. Kwa dada yangu, upande wa Tukuyu, kuna kijito kinachoshuka mita 2 nyuma ya migomba. Tulikinga ndoo ya lita 20, ikajaa kwa sekunde 4: lita 5 kwa sekunde. Zidisha lita kwa mita, kisha kwa 9.8, unapata wati 98 zilizomo kwenye maji yenyewe. Gurudumu la kienyeji likikupatia theluthi yake umefanya kazi nzuri, na wati 30 zinawasha nyumba ya LED na kuchaji simu. Koili nane hizi ni ndogo kwa mzigo huo. Ongeza duara la pili la sumaku upande wa pili wa koili, na utumie waya mnene zaidi.

Ila ndoo hiyo usiikinge mwezi wa nne, mvua ikiwa imeshiba. Nenda mwezi wa tisa, uhesabu sekunde upya, ndipo ukate plaiwudi ya gurudumu.