Dawa ya mashine ya kuoshea mazulia: kuichagua, kuipima na kuichanganya

Zulia limeoshwa Jumamosi, wiki mbili baadaye njia wanayopita watu imeshakuwa nyeusi tena. Mteja analaumu vumbi la Dar, fundi naye analaumu viatu. Mara nyingi kisa ni sabuni iliyobaki ndani ya nyuzi. Ikikauka huku inanata, hushika kila punje ya mchanga inayoingia mlangoni, na fundi anayeongeza dawa "ili litakate" ndiye anayezidisha tatizo. Ndiyo maana hapa tunaanza na zulia lenyewe, kisha mashine, kisha maji. Dukani tutafika baadaye.

Hatua ya 1: Tambua nyuzi

Kibandiko cha nyuma ya zulia kikiwepo, kisome. Kama hakipo, chomoa uzi mmoja sehemu isiyoonekana, ushike kwa koleo ndogo, toka nje uuchome kwa kiberiti.

Sufu huungua polepole, hunuka nywele zilizoungua, na jivu lake jeusi husagika kwa vidole. Polipropilini huyeyuka, hunuka mshumaa na kuacha tone gumu. Nailoni na poliesta nazo huyeyuka na kuacha tone gumu, hivyo ongeza kipimo cha maji: chukua uzi mwingine ambao hujauchoma, ubinye ndani ya glasi ya maji hewa itoke, kisha uachie. Polipropilini huelea kwa sababu ni nyepesi kuliko maji. Nailoni na poliesta huzama. Pamba na viskosi huungua haraka kama karatasi na kuacha jivu laini la kijivu.

Hapo ndipo namba ya pH inapopata maana. pH 7 ni kati. Chini yake ni asidi, juu yake ni alkali. Sufu ni protini kama nywele, na alkali kali huila: kaa kati ya 5 na 8, na maji yawe ya vuguvugu tu. Nailoni usiivushe 10, hasa ile iliyotiwa kinga ya madoa kiwandani. Polipropilini na poliesta, ambazo ndizo nyingi kwenye vyumba vya kupanga na makapeti ya manyoya ya sebuleni, huvumilia alkali ya 11, ila hupenda mafuta: mafuta ya mwili na ya chakula huganda kwenye nyuzi zake, na dawa ya pH 7 peke yake haiyaondoi vizuri.

Zulia la mkonge, la juti au la viskosi usilipitishie mashine ya maji kabisa. Mkonge hujikunja na kutoa madoa ya kahawia, viskosi hudhoofika ikilowa na kugeuka njano. Mwambie mteja ukweli huo kabla hujashusha vifaa.

Hatua ya 2: Jua kama mashine yako inataka povu

Mashine ya kunyunyiza na kufyonza haitaki povu. Boya lililo ndani ya tangi la maji machafu huzima mvuto maji yakijaa, lakini povu ni jepesi mno kuliinua boya. Linapita juu yake, linaingia kwenye mota ya kufyonza, na mota inaanza kupiga kelele, kisha inaungua. Tafuta dawa iliyoandikwa kuwa ni ya povu kidogo na ni ya mashine za kufyonza.

Mashine ya brashi ya kuzunguka, ile yenye tangi dogo juu ya mpini, yenyewe inataka shampuu yenye povu, kwa sababu povu ndilo linalobeba uchafu na kulainisha mzunguko wa brashi. Hata hivyo, si kila shampuu yenye povu inafaa. Inayofaa ni ile inayokauka ikawa chembe kavu zinazovunjika, ili mashine ya kufyonza vumbi izitoe kesho yake. Kapeti la manyoya marefu usiliwekee brashi ya kuzunguka hata dawa iwe nzuri namna gani. Manyoya yatasokotana na hayatanyooka tena.

Sabuni ya unga ya kufulia nguo haifai kwa mashine yoyote kati ya hizi mbili. Punje zisizoyeyuka huziba chujio na nozeli ya kunyunyizia, povu lake halina mwisho, na nyingi zina vitu vya kung'arisha nguo vinavyoacha mabaka kwenye zulia. Sabuni ya maji ya madumu, ile inayotengenezwa kwa kuchanganya kemikali za sabuni (salfoniki na slesi) na chumvi ya kuongeza uzito, ni nzuri kwa vyombo na sakafu. Kwenye zulia inaacha utando unaonata. Jiki usiitie kwenye tangi hata kidogo: hula mipira ya pampu, huchuja rangi, na huharibu sufu moja kwa moja.

Hatua ya 3: Pima maji

Dar fundi hukutana na maji ya aina tatu: ya bomba la DAWASA, ya boza na ya kisima. Ya boza uliza yametoka wapi, maana mara nyingine ni ya kisima hayo hayo. Maji ya visima vingi, hasa vya karibu na bahari, yana chumvi au ni magumu.

Kipimo ni rahisi. Jaza chupa ya nusu lita hadi katikati, weka vipande vya sabuni ya mche vya ukubwa wa maharage mawili, tikisa mara ishirini. Povu likijaa na maji yakabaki karibu kuwa safi, maji ni laini. Likitoka povu hafifu na utando mweupe ukaelea juu, maji ni magumu: yatakula sehemu ya dawa kabla haijagusa uchafu, na yataacha magamba kwenye nozeli. Tumia sabuni ya mche tu kwa kipimo hiki, kwa sababu sabuni za unga na za maji hutoa povu hata kwenye maji magumu na zitakudanganya.

Yakiwa magumu, chagua dawa iliyoandikwa kuwa ina kilainisha maji. Yakiwa ya chumvi ya kuonjeka ulimini, tafuta maji mengine, angalau ya suuza. Chumvi iliyobaki kwenye zulia huvuta unyevu wa hewa, na hewa ya Dar ina unyevu wa kutosha.

Hatua ya 4: Linganisha dawa na uchafu

Kwa kazi za kila siku, dawa tatu zinatosha kwenye gari: ya awali (inayopuliziwa kabla ya kupitisha mashine) yenye alkali kwa nyuzi za kutengenezwa kiwandani, ya pH ya kati kwa sufu na rangi zisizoaminika, na ya suuza yenye asidi nyepesi. Ya vimeng'enya (enzaimu zinazomeng'enya uchafu) ongeza kama unapata kazi nyingi za nyumba zenye watoto au paka.

Mafuta ya miguu kwenye safu za msikitini na mbele ya makochi yanataka alkali na muda. Chai, kahawa na soda zinataka asidi. Ukianza na alkali, kahawia ya chai inazidi kukaza. Damu na maziwa anza na maji baridi, kisha vimeng'enya, lakini vimeng'enya vinavyokula protini usiviweke kwenye sufu, kwa sababu na yenyewe ni protini. Mkojo uliokauka una amonia. Ukimwagia jiki inatoka gesi ya sumu, na chumba kilichofungwa kwa ajili ya kiyoyozi kinaijaza haraka.

Doa linalowatisha mafundi wengi ni la mchuzi au biriani lenye bizari ya manjano. Rangi ya bizari hiyo hubadilika kwa pH: ukipulizia dawa ya alkali, doa la njano linageuka jekundu la kutu mbele ya macho ya mteja. Zulia halijaungua. Pulizia suuza ya asidi, rangi itarudi njano. Kwa hiyo toa kwanza mafuta kwa dawa ya pH ya kati, fyonza, kisha suuza kwa asidi. Njano inayobaki kwenye zulia jeupe la polipropilini au poliesta huondoka polepole kwa hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa, baada ya kuijaribu pembeni. Zulia dogo linaloweza kutolewa nje, jua la siku mbili tatu hulisaidia sana, kwa sababu rangi ya bizari haivumilii mwanga.

Hatua ya 5: Dukani

Kariakoo utaonyeshwa madumu mengi. Lebo iwe na mambo manne: pH, kipimo cha kuchanganya, aina ya mashine, na tahadhari. Dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa bila lebo iache hapo hapo, hata ikinukia vizuri. Harufu ni manukato yaliyoongezwa, haikwambii chochote kuhusu kusafisha.

Usilinganishe bei ya dumu, linganisha bei ya lita iliyokwisha kuchanganywa. Kwa mfano wa hesabu tu: dumu la lita 5 la Sh 60,000 linalochanganywa 1:40 linatoa lita 205, yaani karibu Sh 293 kwa lita. Dumu la Sh 15,000 la 1:8 linatoa lita 45, ambayo ni Sh 333 kwa lita. Lile lililoonekana la bei chee ndilo ghali.

Nunua pia karatasi za pH. Bila hizo unakisia.

Hatua ya 6: Jaribu kabla ya kuamini

Dondosha kijiko kimoja cha dawa isiyochanganywa kwenye sahani ya glasi, iache chini ya feni siku nzima. Ikikauka ikawa unga au magamba, ni nzuri. Ikibaki kama asali, ndivyo itakavyokuwa ndani ya zulia.

Kwa povu, changanya kwa kipimo cha lebo, jaza chupa nusu, tikisa mara kumi. Dawa ya mashine ya kufyonza povu lake hushuka upesi. Likikaa juu kama la bia, irudishe.

Rangi ya zulia ijaribu kila kazi, bila kuruka. Lowesha kona kwa dawa iliyochanganywa, kandamiza kitambaa cheupe dakika tano. Rangi ikihamia kitambaani, acha alkali, jaribu ya asidi. Nayo ikihamisha rangi, usiendelee na maji.

Hatua ya 7: Changanya na tumia

Fyonza vumbi kavu kwanza, polepole, mara mbili. Mchanga ukilowa unakuwa tope, na hakuna dawa inayoyeyusha mchanga.

1:20 maana yake ni sehemu moja ya dawa kwa ishirini za maji, yaani ml 50 kwa lita moja ya maji. Tumia kikombe cha kipimo au bomba la sindano kubwa, usitumie kizibo. Maji kwanza, dawa baadaye, ili povu lisijae na dawa isikurukie.

Dawa ya awali ipulizie kwa chupa au pampu ya bustani, usiitie kwenye tangi la mashine. Lita 1 iliyochanganywa inatosha mita za mraba 6 hadi 7, hivyo sebule ya mita 4 kwa 5 inataka lita 3 hivi. Kwa 1:20 ni ml 150 za dawa. Iache dakika 10 hadi 15 lakini isikauke. Zima feni muda huo, na kama chumba ni kikubwa kigawe vipande. Sugua kidogo kwa brashi ya mkono.

Kwenye tangi la maji safi la mashine ya kunyunyiza na kufyonza weka suuza peke yake. Kama huna ya dukani, siki nyeupe ml 50 kwa lita 10 za maji inafanya kazi. Pima kwa karatasi ulenge kati ya pH 4 na 6, na kwa sufu usishuke chini ya 5. Joto la maji lisizidi lile lililoandikwa kwenye mashine. Maji yanayochemka hulainisha hozi na kuharibu mipira ya pampu.

Pita mara moja ukinyunyiza, kisha mara mbili au tatu ukifyonza tu. Mafundi wengi huiba hapa ili wamalize mapema, na hapa ndipo dawa inapobaki. Anza kazi asubuhi, washa feni, na wakati wa masika, Machi hadi Mei, omba kiyoyozi kiachwe kinafanya kazi. Zulia likivuka saa 24 likiwa bado na maji, harufu ya ukungu inaanza.

Likienda vibaya

Povu likijaa tangi la maji machafu kwa sababu mteja aliwahi kuosha zulia kwa sabuni ya unga, tia ml 30 hivi za kizuia povu kwenye tangi hilo hilo la machafu. Usitie kwenye tangi la maji safi, maana kitaishia kwenye zulia.

Zulia likikauka likatoa madoa ya kahawia juu ya nyuzi, maji yalizidi na yamepandisha rangi ya juti kutoka mgongoni. Pulizia suuza ya asidi kidogo tu, fyonza, kausha haraka kwa feni.

Likikauka likawa gumu mkononi, dawa ilizidi. Rudi na suuza peke yake, bila kuongeza dawa nyingine.

Nozeli ikinyunyiza upande mmoja, ivue uiloweke kwenye siki saa moja, kisha uisuuze. Usiichokoe kwa sindano. Tundu likipanuka mashine itamwaga maji mengi kuliko inavyoweza kuyafyonza. Na kabla ya kufunga mashine jioni, pitisha lita 2 za maji safi matupu kwenye pampu na hozi, kwa sababu dawa iliyolala humo usiku kucha ndiyo inayokausha mipira na kuziba nozeli ya kazi ya kesho.