Namna ya kulijaribu swali la Mpemba pamoja na mtoto

Nyumba nyingi za Dar es Salaam zina friza ya kugandishia barafu za ubuyu na ukwaju, na friza hiyo inatosha kumkutanisha mtoto na swali ambalo wanafizikia hawajakubaliana jibu lake: je, maji ya moto yanaweza kuganda kabla ya maji ya baridi, na kwa nini? Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa sekondari, alitia maziwa yake yenye sukari katika friza yakiwa bado ya moto, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu alichekwa, lakini baadaye alimuuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika chuo kikuu hapa Dar es Salaam, ambaye alilijaribu jambo lenyewe, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja.

Kabla ya kugusa maji, mwulize mtoto ni yapi yatakayotangulia kuganda, ya moto au ya baridi, kisha aandike jibu lake daftarini pamoja na sababu anayoidhani. Kubalianeni pia "kuganda" maana yake nini: ni utando wa kwanza wa barafu au ni sufuria nzima kuwa barafu? Naona hatua hii ndiyo nzito kuliko zote, kwa sababu sehemu kubwa ya ubishi wa wanasayansi wenyewe imetokana na kupima vitu tofauti kwa jina moja.

Chukua sufuria mbili ndogo zinazofanana. Pima robo lita ya maji kwa kila moja kutoka ndoo ileile, chemsha ya kwanza bila kuiacha ichemke kwa muda mrefu, kisha mtu mzima aziweke zote mbili kwa wakati mmoja kwenye rafu moja. Mtoto achungulie kila baada ya dakika kumi na kuandika anachokiona, huku friza ikifungwa upesi.

Huenda ya moto ikatangulia, na huenda isitangulie; matokeo yoyote yaandikwe kama yalivyo, kisha rudieni siku nyingine. Akiuliza kwa nini, mpe maelezo yaliyopo: maji ya moto hupungua kwa kugeuka mvuke, hupoteza hewa iliyoyeyuka ndani yake, huzunguka kwa nguvu zaidi ndani ya sufuria, na joto lake huweza kuyeyusha barafu iliyo chini ya sufuria hata ikagusana vizuri na rafu baridi. Baada ya hapo mwambie waziwazi kwamba hakuna kati ya hayo lililokubaliwa na wote, na kwamba wako watafiti waliopima kwa uangalifu wasilione jambo hilo kabisa. Usijaze pengo hilo kwa jibu la kubuni, wala usiharakishe kubadilisha mazungumzo. Mwache alitazame, kwa maana amefika palepale walipo watu wazima waliosomea jambo hilo.

Akitaka kuendelea, abadilishe kitu kimoja tu kila mara: leo afunike sufuria zote mbili, kesho aweke kipande cha ubao chini yake.