Jinsi ya kumweleza jirani kwa nini mfumo wa jiji ubadilishwe

Mwaka 2022, hapa Portland, Oregon, tulipita nyumba kwa nyumba mashariki mwa jiji tukiomba kura za kubadili mfumo wa utawala. Ukijaribu kwenu, usianze na katiba ya jiji. Anza na barabara yao isiyo na njia ya miguu, kisha uliza: anayewajibika ni nani?

Tangu 1913, meya na makamishna wanne walichaguliwa na jiji zima, na kila kamishna akasimamia idara zake. Akina mama wa Kikongo niliwaambia: kila mmoja ana chungu chake, sisi hatujui tubishe hodi jiko lipi. Walielewa papo hapo.

Halafu taja mapya: kanda nne, madiwani watatu kila kanda, na msimamizi mkuu mmoja wa idara zote. Kazi kubwa ni kueleza kura ya kupanga wagombea kwa nafasi: umpendaye zaidi wa kwanza, kisha wa pili, wa tatu. Beba karatasi ya mfano, mpe kalamu, apange mwenyewe matunda ayapendayo. Usimharakishe.

Asiye raia usimruke. Hapigi kura, lakini ndiye atakayewakumbusha wanawe waliokwisha kuwa raia karatasi za kura zikifika kwa posta.

Waambie mapema pia kwamba si jambo la kesho. Tulishinda Novemba 2022. Baraza jipya lilianza kazi Januari 2025.