Usiache f/1.4 wazi ukumbi mzima

Wewe unayepiga picha za harusi na sendofu hapa Dar, ukumbi ukiwa na giza usikimbilie f/1.4 (tundu la lenzi likiwa wazi sana ili liingize mwanga mwingi) kwa kila picha. Kwa lenzi ya milimita 85 kwenye kamera yenye sensa ya milimita 36 kwa 24, ukisimama mita 2 kutoka kwa bibi harusi, sehemu inayotoka safi ina kina cha kama sentimita 5 tu. Akigeuza uso kidogo, jicho moja linang'aa na la pili limefifia. Bwana harusi akiwa nyuma yake kidogo, huyo umeshampoteza.

Kwa mtu mmoja aliyetulia, f/1.4 ni tamu mno. Fokasi iweke kwenye jicho lililo karibu nawe. Wakiwa wawili au zaidi, funga hadi f/2.8. Mwanga unabaki robo, kwa hiyo pandisha ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) kutoka 800 hadi 3200 bila woga: chenga, yaani vidoa vidogo vinavyojitokeza kwenye picha, zinasafishika kwenye kompyuta, fokasi iliyokosa hairudi.

Taa za LED zikichora mistari, jaribu shata ya 1/100 ya sekunde, maana umeme wetu ni wa hezi 50. Watu wakianza kucheza, shata hiyo haitoshi kugandisha mwendo, hapo washa flashi.