Injini inayochemsha: jinsi ya kuitafutia sababu na kuitengeneza bila gharama kubwa

Mwenye gari anapofika gereji na kusema kwamba gari lake linachemsha, mara nyingi hutajiwa kifaa cha kununua: rejeta inayopoza maji ya injini, pampu ya maji, feni. Fundi mzuri huanza kwa kuuliza, na swali lake la kwanza ni hili: linachemsha wakati gani? Gari linalochemsha likiwa limekwama kwenye msongamano wa Darajani hapa Unguja, kisha joto likashuka lenyewe mara tu linapopata mwendo kwenye barabara ya Bububu, limekosa upepo, na pa kuanzia ni feni. Gari linalopita mjini bila tatizo, likaja kuchemsha njiani kwenda Makunduchi kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, upepo linao tele. Linachokosa ni mzunguko wa maji wa kutosha, na hapo hutazamwa rejeta iliyoziba kwa ndani, themostati (mlango mdogo unaofunguka kwa joto na kuyaruhusu maji yaende kwenye rejeta) isiyofunguka sawasawa au pampu ya maji iliyochoka. Linalochemsha ndani ya dakika chache baada ya kuwashwa asubuhi huwa limepungukiwa na maji, au themostati yake imekwama ikiwa imefungwa, au gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo kilicho kati ya sehemu ya juu ya injini na bodi yake, imeungua. Kujibu swali hilo hakugharimu kitu, na huokoa fedha ya spea ambazo zingenunuliwa bure.

Ukiwa njiani

Sindano ya joto ikipanda, zima kiyoyozi mara moja, na kama bado huoni mvuke, washa hita hadi mwisho pamoja na feni yake huku madirisha yakiwa wazi. Ni karaha kubwa katika joto la kaskazi, lakini hita ni kama rejeta ndogo ya pili, kwa hiyo kila joto unalolisikia miguuni limetoka kwenye injini. Joto lisiposhuka katika muda wa dakika moja hivi, au mvuke ukianza kutoka, simama pembeni na uzime injini. Silinda hedi za magari mengi yaliyoko visiwani ni za aluminiamu, na kilomita mbili za kulazimisha kufika nyumbani zatosha kuipinda. Sindano iliyopanda sana kisha ikashuka ghafla isikufurahishe hata kidogo: sensa imewekwa ipime maji, na maji yakiisha hubaki kwenye hewa na kusoma uongo.

Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa ya moto. Maji yaliyomo yamebanwa kwa shinikizo, na kwa sababu ya shinikizo hilo hubaki maji hata joto likizidi nyuzi 100. Ukifungua, hugeuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni na mikononi. Subiri nusu saa hadi saa nzima, mpaka uweze kuushika mpira wa juu wa rejeta bila kuondoa mkono. Usiimwagie injini maji baridi kwa juu, wala usiyatie ndani kwa pupa, maana chuma chenye moto kikipozwa ghafla huweza kupasuka. Ikishapoa, tia maji yoyote safi uliyonayo, kidogo kidogo, yakufikishe unakokwenda. Kuchagua maji kutakuja baadaye.

Maji yanapotelea wapi

Tandika boksi lililofunuliwa chini ya injini usiku, na asubuhi utazame doa liko upande gani na lina rangi gani. Kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta, huacha rangi ya pinki, nyekundu au kijani, ilhali maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi hayana rangi wala harufu, nayo yasikutie wasiwasi. Kisha kagua kwa tochi miisho ya mipira, mshono wa rejeta pale plastiki inapokutana na aluminiamu, na tundu dogo lililo chini ya pampu ya maji: ukoko mweupe au wa pinki kwenye tundu hilo ni dalili kwamba sili ya pampu imekwisha. Zulia la mbele likiwa bichi na gari likinuka harufu tamu tamu, hita ndiyo inayovuja.

Huku kwetu klempu za mipira huliwa na kutu mapema kwa sababu ya hewa ya chumvi, na nimeona gari limenunuliwa rejeta nyingine wakati dawa yake ilikuwa klempu moja ya chuma kisichoshika kutu. Mpira uliochanika kwenye ncha tu, na ambao una urefu wa ziada, hukatwa sentimita mbili na kufungwa upya. Uliolainika kama sifongo, au uliovimba, hauna dawa ila kubadilishwa.

Wapo wanaoziba matundu kwa kutia bizari ndani ya rejeta. Bizari huziba kweli, tena huziba na yale matundu ambayo maji yalihitaji kupita, hasa mirija myembamba ya rejeta ya aluminiamu na ya hita. Iwe ni jambo la kukufikisha mjini kutoka Nungwi usiku, kisha mfumo wote usafishwe kesho yake.

Kifuniko cha rejeta ni kifaa cha bei ndogo kinachodharauliwa kuliko vyote. Juu yake huandikwa kiwango cha shinikizo, kwa kawaida 0.9 au 1.1. Kile cha 0.9 kikiwa kizima, maji matupu hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 118. Mpira wake ukishakauka, maji huchemka kwenye nyuzi 100 kama yaliyo katika sufuria, hata kama kila kitu kingine ni kizima. Dalili zake ni mbili: chupa ya akiba hujaa injini ikiwa ya moto lakini maji hayarudi kwenye rejeta ikipoa, au mpira wa juu hubonyea na kujifinya gari likishapoa. Nunua kipya chenye namba ileile.

Feni

Washa injini ikiwa baridi, kisha washa kiyoyozi. Katika magari mengi yenye feni ya umeme, feni lazima ianze kuzunguka mara moja au baada ya sekunde chache. Isipozunguka, kagua fyuzi yake. Ikiwa nzima, badilishana rilei yake (swichi ndogo ya umeme) na nyingine yenye namba ileile ndani ya kisanduku hichohicho, kwa mfano ya honi. Bado haizunguki? Zima injini, chomoa plagi ya mota na uipelekee umeme wa betri kwa waya mbili nene, ukiwa umeweka mikono na nguo mbali na pangaboi. Ikizunguka kwa nguvu, mota haina kosa, na tatizo liko kwenye waya au sensa. Ikizunguka kwa kuvutavuta au ikihitaji kusukumwa kwa kijiti ndipo ianze, brashi zimekwisha, na fundi wa umeme wa magari huweza kuziweka nyingine kwa gharama ndogo kuliko mota nzima.

Weka pia karatasi mbele ya rejeta wakati feni inazunguka. Karatasi inapaswa kunyonywa na kuganda. Ikipeperushwa mbele, waya zimegeuzwa, na feni inashindana na upepo wa mwendo. Kosa hili hupatikana sana kwenye magari ambayo feni yake imeunganishwa iwake muda wote ufunguo ukiwa umefunguliwa. Uunganishaji huo hufaa kwa safari ya dharura, lakini ukiachwa hivyo huchosha mota na huficha ugonjwa wa sensa. Kwa Hiace za zamani na magari mengine ambayo feni huendeshwa na injini, zima injini ikiwa ya moto na uizungushe feni kwa mkono: ikiteleza bila ukinzani wowote, klachi yake imekufa.

Themostati, na tabia ya kuitoa

“Huku kwetu hakuna baridi, themostati ya nini?” Maneno haya utayasikia katika gereji nyingi, nami siyakubali. Themostati haikuwekwa kwa ajili ya nchi za theluji pekee. Kazi yake ni kuifikisha injini mapema kwenye joto la kufanyia kazi na kuishikilia hapo. Ikitolewa, injini hufanya kazi ikiwa baridi kupita kiasi katika safari fupi, hula mafuta zaidi, na oili huchafuka mapema. Isitoshe, katika baadhi ya injini themostati ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji. Ikiondolewa, sehemu ya maji hurudi kwenye injini bila kupitia rejeta, na gari lililotolewa themostati ili lisichemshe huchemsha zaidi.

Kuipima ni kazi ya jikoni. Ifungue injini ikiwa baridi, itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, isiguse chini, kisha pasha moto pole pole. Joto la kuanza kufunguka limegongwa juu yake, na 82 ni namba ya kawaida. Isipofunguka hata maji yakitokota, itupe. Dalili yake ikiwa bado garini ni kwamba sindano inapanda huku mpira mmoja wa rejeta ukiwa wa moto na mwingine baridi kabisa. Kifaa hiki kisinunuliwe cha mtumba, sawa na kifuniko, mipira na gasketi. Rejeta na mota ya feni za mtumba hazina ubaya, ilimradi vipimwe kabla ya kulipa.

Rejeta na maji ya kisima

Hapa ndipo chanzo cha matatizo mengi ya Unguja. Sehemu kubwa ya kisiwa imekaa juu ya mawe ya matumbawe, kwa hiyo maji ya visima vingi yana chokaa nyingi, na karibu na pwani huwa na chumvi pia. Ule ukoko mweupe unaouona ndani ya birika la nyumbani ndio huohuo unaojijenga ndani ya rejeta na kwenye kuta za injini, nao huzuia joto lisitoke. Chumvi, kwa upande wake, hula aluminiamu taratibu. Anayejaza rejeta kwa maji ya bomba au ya kisima kila wiki analipa kidogo kidogo gharama ya rejeta nyingine.

Tumia kulanti iliyochanganywa kwa kiasi kilichoandikwa kwenye galoni, na kama si ya kutumiwa moja kwa moja, ichanganye na maji ya betri, yaani maji yaliyosafishwa yasiyo na chokaa wala chumvi. Soma kibandiko kwa makini, maana maji ya betri na tindikali ya betri huweza kuuzwa katika chupa zinazofanana, na tindikali itakula kila kitu. Kwetu hatuihitaji kulanti kwa ajili ya barafu, bali kwa kuzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Kwa asiye na uwezo wa maji ya betri, maji ya mvua yaliyokingwa baada ya mvua za mwanzo kuosha bati ni bora mara nyingi kuliko ya kisima.

Kuziba kwa nje huondolewa kwa maji yasiyo na kasi kubwa, yakielekezwa kutoka upande wa injini kwenda mbele. Mpira wa bustani unatosha, na mashine ya kuoshea magari hulaza mapezi, yaani vibati vyembamba vya rejeta. Gari lililoteremshwa ufukweni lioshwe rejeta siku hiyohiyo. Kuziba kwa ndani hujulikana kwa kuipapasa rejeta injini ikiwa imezimwa na kuanza kupoa, ambapo utakuta mabaka baridi katikati ya sehemu zenye joto. Kwanza jaribu dawa ya kusafishia rejeta, kisha suuza mpaka maji yatoke meupe. Usitie dawa ya kusafishia vyoo. Rejeta za zamani za shaba hufunguliwa, huzibuliwa kwa vijiti na kulehemiwa upya, na kazi hiyo ina thamani yake. Za aluminiamu zenye matangi ya plastiki mara nyingi haziruhusu, na ya mtumba iliyopimwa huwa nafuu.

Gasketi ya silinda hedi

Injini ikiwa baridi kabisa, jaza maji, acha kifuniko wazi, kisha washa. Mapovu yanayotoka mfululizo bila kukoma, au maji yanayorushwa nje, ni hewa ya mwako inayopenya. Mpira wa juu kuwa mgumu ndani ya dakika moja ya kuwasha, oili kuwa na rangi ya chai ya maziwa, na moshi mweupe usiokatika ni dalili nyingine. Kwa barabara za vilima za Pemba, gari lililobeba magunia huonyesha ugonjwa huu mapema, kwa sababu ni kwenye mzigo ndipo mwako hupata nguvu ya kupenya.

Hapa usibane fedha pasipostahili. Hedi ikishafunguliwa, unyoofu wake upimwe kwa rula ya chuma na vipimo vyembamba; kwa injini nyingi ndogo za Toyota mpindo ukizidi milimita 0.05 lazima ipelekwe mashineni kusawazishwa. Gasketi iwe mpya, na bolti zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu kwa mpangilio wa kitabu cha injini hiyo. Kubadilisha gasketi bila kupima hedi ni kulipa kazi moja mara mbili.

Kujaza na kutoa hewa

Matengenezo mengi mazuri huharibiwa na hewa iliyobaki ndani. Egesha gari likiwa limeinua pua, jambo ambalo ndugu zetu wa Pemba hawalitafutii mahali, na kwa Unguja tumia jeki pamoja na vigogo imara. Weka hita kwenye moto, jaza pole pole, washa injini kifuniko kikiwa wazi, na uongeze maji kila yanaposhuka, ukiminya mipira mara kwa mara. Endelea mpaka mpira wa upande wa pili wa rejeta upate joto, yaani themostati imefunguka, na feni iwake na kuzima mara mbili. Funga kifuniko, jaza chupa ya akiba hadi alama ya juu, na uichore kwa kalamu mahali maji yalipofika. Asubuhi yake, kabla ya kuwasha, tazama alama. Maji yakiwa yameshuka kidogo, ongeza na utazame tena siku ya pili, na yakishuka tena kwa kiasi kilekile, rudisha boksi chini ya injini.